Damu Ilikwenda Wapi

Usitembee peke yako baada ya magharibi. Ukiona gari limesimama kando ya njia na taa zimezimwa, rudi ulikotoka. Waliomo ndani wana kitambaa chenye dawa ya usingizi. Kikigusa pua yako umekwisha. Utazinduka umening'inizwa miguu juu kichwa chini, mrija shingoni, chupa sakafuni. Chupa zikijaa hupelekwa hospitali, na kutoka hospitali hupakiwa melini kwenda Ulaya, huko damu yako ikafanywe dawa. Mwili wako hauonekani tena, na ndugu zako hawana hata kaburi la kupalilia.

Ndivyo walivyosimuliwa watoto wa Tanga, wa Mombasa, wa Morogoro na wa Kigoma, na wengi wanaosoma sura hii walisimuliwa hivyo hivyo. Majina yalibadilika njiani. Pwani na sehemu kubwa ya Tanganyika waliitwa mumiani, au chinjachinja. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto. Magharibi mwa Kenya ni kachinja, Katanga ni batumbula, na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ni banyama. Lugha nyingi, tawala za Waingereza na za Wabelgiji, na bado kisa ni kimoja: kuna watu walioajiriwa kuchukua damu za watu, na nyuma ya kazi yao kuna tabibu.

Nchi nyingine nazo zina hadithi za kutisha za hospitali zao kongwe. Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuna jengo la matofali liitwalo Waverly Hills, lililofunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu na kufungwa mwaka 1961 baada ya dawa za ugonjwa huo kupatikana. Chini yake kuna handaki refu linaloshuka kilima. Maiti walipitishwa humo ili wagonjwa waliobaki vitandani wasione wenzao wanavyoondoka. Leo watu hulipa fedha wazunguke humo usiku wakitafuta mizuka ya wauguzi na ya watoto. London, hospitali ya St Thomas' ina mwanamke wa mavazi ya kijivu ambaye inasemekana huwatokea wanaokaribia kufa. Katika hadithi hizo anayetisha ni marehemu aliyekataa kuondoka.

Mumiani ni mtu mzima mwenye afya. Ana sare, ana zamu, ana gari la kazi, na mwisho wa mwezi hupokea mshahara. Jambo hili hunishangaza kila nikilirudia, kwa sababu watu wetu hawakuwa na uhaba wa mizimu. Wanayo majini ya baharini na ya nchi kavu, mapepo yenye makabila na lugha zao, mizimu ya mibuyu, ya mapango na ya visima. Wangetaka kulijaza jengo la hospitali kwa viumbe hao wangeweza. Walipolitazama jengo lile, hofu yao ikaangukia kwa mwajiriwa.

Kwa miaka mingi maofisa wa serikali za kikoloni waliliona hili kuwa upuuzi wa watu wasiosoma, wakaliandikia taarifa fupi na kulifunga. Mwanahistoria Luise White alikwenda kinyume chao. Alikusanya simulizi za wazimamoto Nairobi, magharibi mwa Kenya na Uganda, akazisoma pamoja na nyaraka za serikali na za wamisionari, na mwaka 2000 akatoa kitabu kiitwacho Speaking with Vampires. Alizichukua simulizi hizo kama ushahidi wa namna watu walivyoziona kazi mpya, mishahara mipya na vyombo vipya vilivyoletwa na ukoloni. Nami naufuata mkondo huo hapa, ila nitautazama zaidi upande wa wodi na maabara.

Tuanze na wazimamoto, maana msomaji wa leo atauliza zimamoto wanahusikaje na damu. Gari lao lilikuwa jekundu. Lilikuwa na mipira mirefu, ndoo na kengele, na wanaume waliovaa mabuti meusi na nguo nzito. Katika miji ambako nyumba za Waafrika zilikuwa za udongo na makuti, gari hilo lilionekana mara chache sana likizima moto wa mtu wanayemjua. Basi lilijengewa banda zima la nini? Uvumi ukawa na nguvu ya kutosha kuwatoa watu barabarani: Juni 1947, umati ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa madai kwamba humo wamefungiwa watu wanaonyonywa damu. Na Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1950, mtu alifungwa miaka 3 kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwenye kituo cha zimamoto. Alikuwa ameamini kabisa kwamba soko lipo.

Lakini neno mumiani ni la zamani kuliko gari la zimamoto, na asili yake ni duka la dawa. Mumiani ilikuwa kitu cheusi kama lami, kikiletwa kwa majahazi kutoka Uajemi na India, watu wakakitumia kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Tayari katika karne ya 19 palikuwa na watu pwani waliosema dawa hiyo hutengenezwa kwa damu au kwa maiti za binadamu.

Hapo hadithi inagusana na jambo la kweli ambalo Wazungu waliowacheka Waswahili hawakupenda kulikumbuka. Ulaya yenyewe ilikula maiti kama dawa kwa karne kadhaa. Maiti zilizokaushwa za Misri zilisagwa unga, zikauzwa katika maduka ya dawa ya London, Paris na miji ya Ujerumani, na matabibu waliosoma waliwaandikia wagonjwa wao unga huo. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyetawala katika karne ya 17, alinunua siri ya matone yaliyotengenezwa kwa fuvu la mtu, na matone hayo yakaja kuitwa kwa cheo chake. Katika nchi za Kijerumani na Denmark, hadi karne ya 19, wenye kifafa walisogea na vikombe mahali pa kunyongea na kukata vichwa ili wapate damu ya aliyeuawa ingali ya moto. Kwa hiyo mchuuzi wa Lamu aliyesema Wazungu hufanya dawa kwa miili ya watu alikuwa akisema jambo ambalo babu zao walilifanya waziwazi, tena kwa risiti.

Hospitali za kikoloni zilijengwa juu ya hofu hiyo, na mpangilio wake haukusaidia kuipunguza. Dar es Salaam, mwaka 1897, Wajerumani walimaliza hospitali nzuri inayotazama bahari kwa ajili ya Wazungu. Ndiyo jengo ambalo sasa lina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao upande mwingine wa mji, iliyotokana na mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Waingereza walipochukua nchi waliuendeleza mgawanyo huohuo. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956, na jina la Sewa Haji likabaki kwenye jengo la wodi mpaka leo. Fikiria maana ya mpangilio huo kwa aliyefagia. Mwafrika aliingia Ocean Road kwa mlango wa watumishi. Aliona vitanda vyeupe, aliona chupa na mirija, akatoka na habari nusu. Aliowasimulia jioni walijaza nusu iliyobaki.

Halafu ikaja kazi ya kuongezea watu damu, ambayo ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Siku hizi damu hukaa kwenye mfuko laini wa plastiki. Wakati ule ilikaa kwenye chupa ya kioo, ikaning'inizwa kichwa chini juu ya kitanda, na mrija wa mpira ukashuka hadi kwenye mkono wa mgonjwa. Kila kifaa cha hadithi ya mumiani kilikuwapo wodini, mbele ya macho ya ndugu waliokuja na chakula. Kilichogeuzwa ni mwelekeo tu: hadithini damu ilitoka, hapa iliingia. Na hata hiyo iliyoingia ilikuwa imetoka kwa mtu fulani, ambaye hakutajwa.

Nataka sasa nikae kwenye jambo moja ambalo naona ndilo ufunguo, nalo ni swali la usiku. Kwa nini mumiani huja usiku? Jibu la haraka ni kwamba kila kitisho huja usiku. Lakini kuna jibu jingine, na limo katika maisha ya mnyoo.

Matende na mabusha, maradhi yaliyowatesa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria kwa vizazi, husababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya mishipa ya limfu. Watoto wao, ambao hawaonekani bila hadubini, huingia kwenye damu, lakini hawatembei humo kwa saa zote. Mchana hujikusanya ndani kabisa, kwenye mishipa ya mapafu. Usiku, tuseme kati ya saa nne na saa nane, hujitokeza kwenye mishipa midogo chini ya ngozi, saa zilezile ambazo mbu wao huuma. Aliyeligundua jambo hili ni Patrick Manson, daktari Mskoti aliyefanya kazi bandari ya Amoy, China, katika miaka ya 1870. Mpimaji akifika kijijini saa nne asubuhi atatoboa vidole mia, atatazama vioo mia, na atarudi na taarifa kwamba hakuna ugonjwa, huku wanaume wamekaa mbele yake na mabusha yao.

Kwa hiyo wapimaji wa filaria walikuja usiku, kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine. Mwaka 1949 kilianzishwa Mwanza kitengo cha utafiti wa filaria cha Afrika Mashariki, na timu zake zikafanya kazi kwenye vijiji vya kanda ya ziwa na visiwa kama Ukara. Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga kituo cha utafiti mwaka 1902, kulikuja kuwa na watafiti wa malaria na baadaye wa filaria, nao wakateremka kwenda vijiji vya Muheza na vya pwani ya Tanga.

Sasa tusimame upande wa mwenye nyumba. Watu wamekula, taa imepunguzwa, watoto wamelala. Gari linanguruma mahali ambapo magari hayapiti hata mchana. Wanashuka watu wenye tochi, mmoja wao Mzungu, mwingine karani mwenye daftari lililo na majina ya watu wa nyumba ile. Wanataka kila mtu atoke, mpaka mtoto aliyelala. Wanatoboa kidole, wanachukua matone, wanapaka kwenye kioo, wanaandika namba, wanafunga sanduku, wanaondoka. Asubuhi mwenye nyumba anaulizwa na jirani: walikuja kuchukua nini? Damu. Wameipeleka wapi? Sijui. Wamekupa nini? Hakuna.

Kila neno katika mazungumzo hayo ni la kweli. Mwanahistoria Melissa Graboyes, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu utafiti wa tiba Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi watafiti na mumiani walivyochanganyika katika fikra za watu, na jinsi watafiti wenyewe walivyojua hivyo na kuendelea na kazi. Hilo la pili ndilo linaloniuma. Mtu anaweza kusamehewa kwa kutojua kwamba anaogopwa. Hawa walijua, wakaandika kwenye ripoti zao kuwa wanakijiji wana ushirikina, kisha wakapeleka tena gari usiku uliofuata bila kumketisha mtu barazani na kumwonyesha mnyoo kwenye hadubini. Kumwonyesha kungechukua dakika tano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilipatikana kipimo cha kadi kinachogundua filaria kwa tone la damu la mchana, na ulazima wa kuja gizani ukapungua sana.

Damu haikuwa kitu pekee kilichochukuliwa. Ugonjwa wa malale ulipoingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache kandokando ya ziwa. Robert Koch, daktari Mjerumani maarufu kuliko wote wa zama zake, aliweka kambi visiwa vya Ssese mwaka 1906, akawatibu wagonjwa kwa atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu ya muda. Zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja alipoongeza kipimo cha dawa. Wajerumani walifungua kambi za namna hiyo upande wao pia, Bukoba na Ziwa Tanganyika, na wagonjwa wakawa wanatoroka. Kongo, timu za Wabelgiji zilizunguka vijijini zikipapasa shingo za watu na kuchoma sindano ya uti wa mgongo kutoa maji yake ili kuona kama ugonjwa umefika kwenye ubongo. Aliyewahi kuchomwa sindano ile, au kumshikilia mtoto akichomwa, hakuhitaji kuambiwa hadithi na mtu. Yeye ndiye aliyeisimulia.

Tusidhani kwamba hofu hii ni ya Afrika pekee. Edinburgh, mwaka 1828, Burke na Hare waliwaua watu 16 na kumuuzia miili yao mwalimu wa anatomia, Dokta Robert Knox, aliyelipa bila kuuliza. Marekani, Waafrika waliotoka utumwani na vizazi vyao walisimulia kuhusu madaktari wa usiku wanaowateka watu mitaani kwa ajili ya hospitali, na Baltimore hadithi hizo ziliizunguka hospitali ya Johns Hopkins. Katika hospitali hiyohiyo, mwaka 1951, madaktari walichukua chembe za uvimbe wa saratani wa mwanamke mweusi, Henrietta Lacks, bila kumwomba ruhusa. Yeye akafa mwaka huohuo. Chembe zake zinaendelea kukua katika maabara za dunia nzima, zimesaidia kazi ya chanjo ya polio na tafiti zisizohesabika, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Waliosimulia habari za madaktari wa usiku walikosea kuhusu gari na kitambaa cha usingizi. Kuhusu hospitali kuchukua kitu cha mtu maskini na kunyamaza, walikuwa wamelenga.

Ila kuna kosa jingine la kufanya hapa, na wasomi hulifanya kwa urahisi: kuipenda hadithi kiasi cha kusahau waliouawa nayo. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watu 3 kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na umati na gari lao likachomwa moto. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva. Walikwenda kuchukua udongo wa kupima. Watu walipiga kelele kuwa wamekuja wanyonya damu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu uliua watu wasiopungua 5, Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwa muda, na wagonjwa waliotegemea huduma hizo wakabaki peke yao. Waliouawa hawakuwa Robert Koch. Walikuwa watumishi Waafrika wanaolipwa posho ya safari, kama walivyokuwa dresa, makarani na askari wa zamani waliotengwa na majirani zao kwa kushukiwa kuwa wapambe wa mumiani. Mkubwa aliyebuni utafiti hubaki mjini. Anayeulizwa maswali usiku ni aliyeshika sanduku.

Magharibi mwa Kenya, Wenzel Geissler, aliyekuwa katika timu iliyopima minyoo ya watoto wa shule karibu na ziwa, aliandika mwaka 2005 kuhusu uvumi wa kachinja uliozuka huku wakifanya kazi yao. Wazazi waliojadiliana kuhusu kachinja walikuwa ni walewale walioruhusu watoto wao wapimwe. Walikuwa wanapima uzito wa jambo: damu ya mwanangu imetoka, imejenga uhusiano gani kati yetu na wale, nao wana deni gani kwetu? Fomu ya ridhaa yenye sahihi ya kidole gumba haijibu hilo, hata ikiandikwa kwa Kiswahili sanifu au Kijaluo safi.

Swali hilo liko hai leo katika hospitali zetu, ingawa wanaoliuliza hawamtaji mumiani. Nenda kwenye benchi lolote nje ya wodi ya wazazi au ya majeruhi, sikiliza ndugu waliotakiwa kuchangia damu. Watakuambia walitoa chupa mbili na mgonjwa wao akapewa moja. Watakuambia damu hutolewa bure na kuuzwa mlango wa nyuma. Mara nyingine ni kweli kuna mhudumu mla rushwa. Mara nyingine damu yao ilikuwa ya kundi jingine, ikaenda kwa mtoto mwenye upungufu wa damu wodi ya pili, na mgonjwa wao akaokolewa kwa damu ya mtu wasiyemfahamu. Habari hiyo ya pili ni nzuri mno, na hakuna anayewapa.

Stockholm, nchini Sweden, huduma ya damu hutuma ujumbe mfupi kwenye simu ya mchangiaji siku ambayo damu yake imetumika kwa mgonjwa. Haitaji jina la aliyepewa. Nchini kwetu karibu kila mchangiaji ana simu mfukoni, namba yake huandikwa kwenye fomu kabla sindano haijagusa mkono, na kila mfuko wa damu una namba yake ya kuufuatilia tangu maabara hadi kitandani.